Basi Lisilo na Dereva

Mnicheke taratibu, maana mpaka leo naona haya kukatiza stendi ya Sumbawanga.

Miaka ile magazeti ya watu binafsi yalipochipuka kama uyoga, nami nikajiita mwandishi wa mkoani. Habari zangu nilimpa Mzee Kizito, dereva wa basi la Mbeya, naye alizifikisha gazetini bure.

Siku moja nilikwenda Matai kumsikiliza mgombea ubunge. Akasema, "Ulaya kuna treni zinazojiendesha. Hakuna mshahara wa dereva, kwa hiyo nauli inashuka."

Hapohapo lori la mwisho la kurudi mjini likapiga honi. Nikatimua mbio. Juu ya magunia ya mahindi nikajimalizia hotuba mwenyewe: mgombea ataleta mabasi yasiyo na dereva! Nikafunga bahasha, nikamkabidhi Mzee Kizito kama kawaida.

Gazeti lenye habari yangu lilirudi kwa basi lake hilohilo. Mimi, kwa kiburi, nikampelekea bahasha nyingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mke wangu alikuwa Matai, akabaki mpaka mwisho. Wewe ulibaki?"

Nikajifanya kufuta vumbi kwenye bahasha. Mzee akaendelea:

"Mgombea alisema kwetu huku haiwezekani, kwa sababu dereva ndiye anayetubebea barua, dawa na wagonjwa. Akanitaja kwa jina."

Abiria wote wakanigeukia. Mzee akanirudishia bahasha kwa mikono miwili, kwa upole uliouma kuliko kofi.

"Hii ya leo, mwanangu, ngoja upelekewe na lile basi lisilo na dereva."