Kobalti Iliyorudi Kolwezi kwa Posta

Jumatatu nilikuwa posta, kwenye kaunta ya vifurushi, nyuma ya mwalimu wa kemia aliyekuja kuchukua kichupa cha unga wa kobalti. Mhudumu alisoma karatasi, akatutazama sisi wa foleni, akacheka.

"Tata mwalimu, batu ba Kasulo, hapa hapa mujini, banachimbaka kobalti chini ya kitanda. Yako inatoka Ulaya?"

"Yetu inaendaka kule ikiwa udongo, banaisafisha," mwalimu alijibu taratibu. "Mi naiwekaka mu maji, napitisha moshi, jua likipiga inageuza ule moshi kuwa mafuta. Kidogo tu. Unga ya zamani ilikuwa inachoka mbio, inaacha kazi. Hii mupya nimeingojea mwaka muzima. Usifungue, tata, hewa itaiharibu."

Mwalimu alikuwa amechelewa kumwonya. Mhudumu, ambaye zamani alikuwa mpimaji kwa wanunuzi wa mawe ya madini, alikuwa ameshamimina unga wote kiganjani. Aliutemea mate, akausugua kwa kidole gumba kama wanavyopima mawe kwenye depo za wanunuzi hao.

"Iko muzuri sana," akasema. "Ku depo bangekulipa bei ya juu."

Akajipangusa mkono kwenye suruali, akasukuma daftari mbele. Mwalimu aliitazama ile suruali kwa muda, kisha akasaini.

Nilitaka kumkasirikia mhudumu, nikashindwa, maana kidole gumba kama chake ninacho na mimi. Mji mzima tunajua kupima madini ili yaondoke. Mtu mmoja alijua kuyafanyia kazi nyingine, naye ametoka na kichupa kitupu, akiwa amesaini kwamba amepokea mzigo wake salama.