Bendera Inayoogelea

Miaka michache baada ya Uhuru, mume wangu, fundi wa madirisha hapa Tabora mjini, alikusanya vioo vilivyobaki kazini akatengeneza sanduku kubwa la maji. Akaliweka sebuleni, mahali pa kabati langu la vyombo. Rafiki yake, gadi wa treni ya Kigoma, akamletea samaki wa ziwani ndani ya debe. Walikuwa jamii moja, rangi mbili: madume meusi yenye mshipi wa njano kiunoni, na majike ya kijani.

"Nitawachanganya," aliniambia. "Watazaa chotara wa kijani, nyeusi na njano; buluu ni maji yenyewe. Sherehe za Uhuru zikifika, watu watakuja kuona bendera inaogelea."

"Na kabati langu?"

"Mke wangu, taifa linajengwa, wewe unawaza vikombe!"

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, hakupinga. Aliuliza tu kama watapikwa kwa karanga.

Siku zikapita, jike mmoja akaacha kula. Mume wangu akamtupia mchicha uliochemshwa, akamtupia makombo ya chapati. Samaki akageuza uso. Kisha mashavu yakaanza kumvimba.

"Amefunga," mama mkwe akasema.

"Ramadhani bado, Mama."

"Basi analipa za mwaka jana."

Mume wangu aliamini ni matubwitubwi. Kwa huzuni akaacha na yeye kula, na habari zikamfikia balozi wa nyumba kumi. Akaja na majirani watatu, akiwa na uso wa mkutano.

"Ndugu, nasikia samaki wako wanakula chapati na wewe unashinda njaa. Hii ni siasa gani?"

Mume wangu hajajibu, yule jike akafungua kinywa. Akatoka kisamaki kidogo kama punje ya mchele. Akatoka mwingine, na mwingine.

"Anatapika watoto!" balozi akapiga kelele, akarudi kinyumenyume akakalia bakuli la uji wa mama mkwe.

Mama mkwe hakujali uji. Alipiga kigelegele kilichotikisa vioo. Vile visamaki vikashtuka, vyote vikakimbilia kinywani kwa mama yao, naye akakifunga.

"Sasa amewala," balozi akanong'ona, uji ukimchuruzika.

Hakuwala. Kumbe ndivyo wanavyolea: mayai na watoto hukaa kinywani. Nusu ya mtaa ilikuja kumtazama, na akina mama walitikisa vichwa wakisema, huyu ndiye mzazi.

Tukasubiri bendera. Watoto wakakua, wakapata rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Hakuna kijani, hakuna njano, hata mshipi hakuna. Mume wangu akasogeza sanduku dirishani, labda jua litawasaidia. Halikuwasaidia.

Balozi ndiye aliyemfariji. "Usihuzunike, ndugu. Hawa ndio wajamaa wa kweli. Wote sawa, hakuna aliyejipamba kumshinda mwenzake."

Hajamaliza, wawili wakakamatana midomo wakigombea jani la mchicha.

Mume wangu hakuchanganya tena samaki. Lakini mama mkwe alikuwa amewapenda hao wa rangi ya maji ya masufuria. Alichukua kazi ya kuwalisha, akawasalimia kila asubuhi, na akapiga marufuku dagaa sebuleni. Kila tulipopika dagaa, tulibeba sinia tukaenda kula uani, na mlango tukaufunga, wasione.