Nyuzi Kwenye Mtungi wa Gorreti

JINJA, Machi 1997

Saa mbili asubuhi, Gorreti Nabalayo anasogeza hadubini dirishani. Umeme umekatika tena, kwa hiyo leo kazi itafanywa na jua. Anageuza kioo kidogo, anafumba jicho moja.

"Bado ziko," anasema. "Njoo, angalia mwenyewe."

Ni nyuzi nyembamba zenye matawi, karibu nzuri. Zimetoka kwenye maji ya uti wa mgongo wa Sajenti Otim, askari wa kambi ya Kimaka, aliyeumwa kichwa wiki tatu na kutibiwa malaria mara mbili bure.

Nabalayo, miaka 34, ni mpimaji wa maabara katika hospitali ndogo ya binafsi. Alitia wino mweusi kwenye sampuli, kama anavyotafuta kuvu ya ubongo kwa wagonjwa wa Ukimwi. Otim hakuwa na Ukimwi. Nyuzi zilipoonekana, Nabalayo akadhani zimetoka kwenye wino, akaupima peke yake. Ulikuwa safi.

Hapo udadisi ukamshika. Kuvu ilipitia wapi? Otim akakumbuka kwamba mwezi mmoja kabla ya kuumwa kichwa alipasuliwa ngiri hapo hapo, akachomwa sindano ya ganzi mgongoni.

Friji ya chumba cha upasuaji ilikufa zamani. Vichupa vya ganzi vilipozwa ndani ya mtungi wa maji, na dawa ya kichupa kimoja ilivutwa kwa sindano kwa wagonjwa wengi, siku hadi siku. Juzi Nabalayo alikwangua kifuniko cha mpira cha kichupa kilicholowa mtungini, pale sindano inapopita, akaangalia. Nyuzi zile zile.

Mtungi ulikuwa wake. Aliuleta kutoka Nakaloke, ambako mama yake hupoza maziwa hivyo, na wenzake walimsifu.

"Nililia," anasema. "Halafu nikaenda kumwambia Otim."

Otim yuko siku ya nne ya vidonge vya kuua kuvu. Anaona vitu viwili viwili, na daktari hajaahidi kitu.

"Alisema, 'Afande, hiyo mutungi ni mimi nilileta.' Nilikasirika sana," anasema Otim. "Lakini angenyamaza, nani angejua?"

Mtungi umeondolewa. Lakini upo wa pili. Mwaka jana Nabalayo alimpelekea rafiki yake Topista, muuguzi wa kliniki moja Mbale. Tangu jana simu ya huko haishiki. Kliniki ile hupasua Jumamosi, na leo ni Ijumaa, kwa hiyo anakwenda mwenyewe.

Anafunga kipande cha kioo chenye sampuli ya nyuzi ndani ya leso, ili Topista aone kwa macho yake. Anapitia wodini kuaga. Otim anainua kichwa kwa shida, anamwita daktari kwa Kiganda.

"Musawo, wewe bado uko hapa? Enda!"