Jirani aliyetukimbia mlimani

Leo jirani yetu wa zamani ametukimbia.

Mi na mama tulitoka kijijini, juu ya mtaa wa Gihosha, tukifuata mgongo wa mlima mpaka kileleni, kusafisha kaburi la baba.

Mbele yetu muzee mmoja akageuka, akaona majembe yetu, akajitupa majanini.

Mama akamtambua. "Baba Odette! Apana kimbia! Ni mi, Mama Aline!"

"Wekeni majembe chini kwanza," akajibu, bila kutoka.

Tukaweka.

Jamani, huyu alibeba jeneza la baba, kabla ya vita ya majirani kuuana kwa majembe na mapanga!

Akatoka, akatusalimia. Halafu akaomba sisi tutangulie, asitupe mgongo.

Mama alilia njia yote. "Na kama sisi tungemuona wa kwanza?" akaniuliza.

Na mi nawauliza: Nyinyi mungemuita, ao mungekimbia?