Chaza na Maji ya Tumbaku

Mimi ni mwanamke wa hasira, na sijawahi kuficha. Mama yangu mzazi, kule visiwani kaskazini mwa Lamu, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Hasira hasara, wazee walinionya, nami nikawa nawacheka. Garissa ndiko nilikokoma kucheka.

Niliolewa huko na mfanyabiashara wa ng'ombe, Msomali, mtu mrefu mpole aliyekuja pwani kuuza mifugo akarudi na mke. Tulikaa na mama yake, ajuza mfupi wa upande wa Balambala, aliyekulia nyuma ya ngamia na hakupata kuiona bahari hata siku moja. Kwa Wasomali mwana humwita mama yake "hooyo", na mama naye humwita mwanawe vivyo hivyo. Basi mimi na mkwe wangu tuliitana hooyo kutwa kucha, tukigombana na kupatana. Aliniambia mikono yangu inanuka samaki. Nikamwambia yake inanuka mkojo wa ngamia. Kisha tukala sahani moja.

Vita vya serikali na shifta, wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilipoingia mwaka wa tatu, Garissa ilikuwa imezoea maiti. Waliouawa porini waliletwa kwa lori, wakalazwa sokoni juani ili tuwatazame, na ole wake atakayemlilia mmoja wao. Ngamia walimiminiwa risasi makundi kwa makundi, eti wanawabebea shifta maji. Nilimwona mkwe wangu amekipakata kichwa cha ngamia wake mwenyewe, ubongo umetapakaa kwenye shuka lake, akimnong'oneza mnyama yule maneno ambayo sikuyasikia. Halafu lori moja la askari likakanyaga bomu lililofukiwa njiani. Asubuhi yake waliwazoa wanaume wote wa mtaa wetu. Mume wangu walimburuta kwa mguu mmoja, kichwa kikigonga kizingiti, wakaenda kumtia kwenye boma la seng'enge nyuma ya kambi.

Hapo ndipo habari ya chaza inapoanza.

Nyumba ya afisa mkubwa wa usalama ilikuwa na tangi la kioo, refu kuliko kitanda, lililoachwa na Mzungu aliyekaa pale kabla ya uhuru. Ndani yake mlikuwa na maji ya bahari, matumbawe, samaki wachache, na chaza mkubwa, wa aina tunayoijua sisi watu wa miambani. Ganda lake lilikuwa na upana wa sinia, na midomo yake ilikuwa ya buluu na kijani. Kutwa alikuwa akiifunua midomo ile kulielekea jua, maana jua ndilo linalomlisha. Ukimpitishia kivuli, anajifunga. Afisa huyu mpya, mtu wa bara, hakujua chochote cha bahari, lakini wakubwa wa Nairobi wakija walipenda kumtazama chaza, naye alipenda sana kuwapendeza wakubwa. Maji yaliletwa kwa madebe na ndege ya serikali kutoka Lamu, na jenereta ikayapulizia hewa mchana na usiku. Watu walikuwa wamefungiwa vijijini, wanapimiwa maji ya kunywa kwa kikombe, na chaza analetewa yake kwa ndege! Nisikufiche, nilimchukia mnyama yule asiye na kosa.

Alipoanza kuugua, midomo ilisinyaa na ganda likabaki wazi hata kivuli kikipita. Mtu akamwambia afisa kwamba mjini kuna mwanamke wa visiwani. Nikaitwa, nikaenda nimeuma meno, maana huo ndio mlango pekee niliouona wa kumfikia mume wangu. Nilimgeuza chaza, na pale chini, kwenye ukingo wa ganda, nikawaona konokono wadogo weupe mfano wa punje za mchele, wanamfyonza. Nikamwambia afisa naweza kumponya, lakini nataka mume wangu.

"Wageni wangu wanakuja baada ya Ijumaa mbili," akasema. "Wakimkuta mzima, mumeo atarudi nyumbani. Wakimkuta amekufa, usije kunililia."

Nikaanza kazi. Konokono wale hutoka giza likiingia, na saa hizo kwetu ilikuwa marufuku kutoka nje. Kwa hiyo kila alasiri nililifunika tangi kwa buibui langu, nikawatengenezea usiku wa uongo. Walipopanda mpaka midomoni, niliingiza mkono nikawabandua mmoja mmoja, nikawaponda kwa ukucha, na kila niliyemponda nilimvika uso wa askari. Kisha nikamsugua chaza ganda kwa mswaki, mpaka mayai yao, utando laini kama makamasi, yakatoka yote. Joto la Garissa lingemchemsha, basi nikalizungushia tangi magunia mabichi. Jua likinyonya maji, chumvi huzidi, basi nikaongeza maji matamu mpaka kwenye alama niliyoichora kiooni kwa mkaa. Mkwe wangu alinifuata kila siku, akakaa sakafuni kunilowekea magunia.

Dirisha la chumba kile lilitazama pembe ya boma. Siku nyingine tuliwasikia wakipigwa. Nikiitambua sauti ya mume wangu, niliwaponda konokono wawili kwa mpigo. Mama yake hakulia. Alikamua gunia, akaniuliza chaza leo anaendeleaje.

Siku ya nane nilimpitishia kivuli, akajifunga. Nilimkumbatia mkwe wangu mpaka tukaanguka wote wawili. Lakini konokono hawakwisha, ukiwaua leo kesho wamezaliwa wengine. Ajuza akawakagua kwa karibu, akasema hawa ni kupe. Nikamwambia si kupe. Akasema mnyama ni mnyama, na kinachomnyonya mnyama ni kupe. Kwao, kupe wakizidi, huchemshwa tumbaku, ngamia akaoshwa kwa maji yake, na jua halitui kabla hawajapukutika wote. Nilikuwa nimechoka na mgongo unaniuma. Nikamwambia aniachie kazi yangu, ngamia wake amwoshe huko kwao. Hilo ndilo jibu pekee nililompa. Sikumweleza kwamba ngamia ukimwosha, anabaki anavuta hewa yake, na chaza pumzi yake ni yale yale maji. Lingekuwa neno dogo tu, nami nilimnyima.

Zikiwa zimebaki siku tatu wageni waje, ndege ilitua, nikaenda uwanjani na askari kupokea madebe. Niliporudi, mkwe wangu alikuwa amesimama mbele ya tangi, sufuria tupu mkononi, uso wake una furaha ambayo sikuiona tangu mwanawe achukuliwe. Maji yalikuwa na rangi ya chai.

"Tazama, hooyo," akasema. "Kupe wamekufa wote."

Kweli, walikuwa wamekufa, wametapakaa mchangani. Samaki nao walikuwa wakielea, matumbo juu. Chaza alikuwa ameachama. Nikapitisha mkono juu yake, nikaupitisha tena, hakutikisika.

Nikageuka nikamzaba mkwe wangu kofi. Mama wa mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, nilimpiga kofi akaanguka juu ya magunia, na sufuria ikabingirika mpaka mlangoni. Nikachota maji yale yote kwa ndoo, nikatia mapya, nikamshika chaza kwa mikono miwili nikimwomba Mungu kwa kila jina lake. Alikufa asubuhi. Kabla ya adhuhuri alikuwa ananuka.

Afisa akauliza ni nani. Nikasema ni mimi. Akanipiga kwa kitako cha bunduki, meno mawili yakaenda, kisha akaligeukia tangi akalipiga hivyo hivyo. Kioo kikapasuka, maji yakanikumba nikiwa pale chini, na vigae vikanichana mikono. Kesho yake lori likaondoka kambini na wanaume kadhaa, mume wangu mmoja wao. Tuliambiwa walijaribu kutoroka njiani. Walipolazwa sokoni nilimtazama vizuri, maana hilo hawakutukataza. Risasi zote zilikuwa zimeingilia kifuani. Mtu anayekimbia hapigwi kifuani. Mkwe wangu alikuwa ameushika mkono wangu wenye majeraha, akaubana mpaka damu ikatoka upya, na hakuna aliyelia kati yetu.

Tuliporudi nyumbani, akafunga mlango, akaniuliza, "Hooyo, ni dawa yangu iliyomuua yule mnyama?"

Mimi, ambaye sijawahi kumeza neno maishani mwangu, nikasema, "Hapana, hooyo. Ni joto. Jenereta ilizimika."

Vita vikaisha, sisi tukabaki. Ndugu zangu walinitaka nirudi visiwani, nikakataa, ningemwacha na nani? Aliniuliza swali lile mara nyingi, tukipika, tukichambua mchele, na kila mara nikamjibu joto. Hakunitania tena kwamba mikono yangu inanuka samaki. Nilikuwa tayari kutoa chochote anitukane walau mara moja, nami nimtukane, tuishi kama zamani.

Miaka ikapita, akaugua, akawa hali ila maziwa ninayomtilia kwa kijiko. Siku moja asubuhi aliusukuma mkono wangu wenye kijiko. Nikajua anataka kuuliza, nikawa tayari na jibu langu. Safari hii hakuuliza.

"Hooyo," akasema, "mtu hapigwi kofi kwa sababu ya joto."

Machozi yalinitoka, yale ya sokoni na ya miaka yote. Nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye shavu langu, upande ule wenye pengo, nikamwomba anirudishie kofi langu. Hakunipiga. Alinipapasa shavu, taratibu, mpaka akachoka.