Taa ya Oili Kituoni Nyarugusu

Sogea hapa karibu, wewe unayeanza ufundi, hata kama ulichonacho mkononi ni spana moja ya kuazima. Nataka nikueleze namna tulivyokuwa tukiyasoma magari, kabla hazijaja hizi mashine mnazochomeka chini ya usukani zikawaandikia ugonjwa. Sisemi kwamba wakati wetu ulikuwa bora. Ila gari bado linatumia oili, bado linavuja, na siku moja utasimama mbele yake ukijiuliza uanzie wapi.

Niliajiriwa mwishoni mwa miaka ya sitini katika karakana ya serikali ya magari ya kuchimba visima, Shinyanga mjini. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe la kanisani, kwa sababu mama yangu kule Ushirombo alisema kazi ya serikali haiendewi na nguo mbovu. Fundi Mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Umekuja kubatizwa?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ingia chini ya lile lori, utabatizwa huko huko."

Nikaingia. Tone la oili likaniangukia shingoni, nami nikapiga kelele kama niliyegundua kitu kikubwa. "Mzee, linavuja!"

"Linavuja wapi?"

"Hapa kwenye sampu." Sampu ni lile bakuli la chuma lililofungwa chini ya injini, ndimo oili inamokaa gari likizimwa.

"Hapo ndipo linapodondokea. Mimi nimekuuliza linavuja wapi."

Ilinichukua muda kumwelewa. Oili ikitoka juu hutiririka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma, mpaka injini nzima inakuwa nyeusi na huwezi kujua imeanzia wapi. Fundi Mkuu akanipa brashi na mafuta ya taa nisugue injini yote, niikaushe, kisha niiwashe na kuitazama kuanzia juu kushuka chini, bila haraka. Palipolowa kwanza ndipo penye kidonda. Shati lile halikurudi kanisani tena, lakini somo lilibaki.

Somo la pili lilihusu taa. Magari yale hayakuwa na hii taa ya njano yenye picha ya injini. Yalikuwa na taa nyekundu ya oili. Ukifungua swichi inawaka, injini ikinguruma inazimika. Ikiwaka ukiwa njiani, inakwambia presha ya oili imeshuka, yaani ile nguvu ya pampu inayoisukuma oili ifike kwenye vyuma vinavyozunguka. "Taa haikutajii ugonjwa," alisema Fundi Mkuu. "Inakwambia simama. Ugonjwa utautafuta mwenyewe."

Kutoka Shinyanga nilipelekwa Segese, na katikati ya miaka ya sabini nikahamishiwa Nyarugusu. Kituo chetu kilikuwa na nyumba chache za bati, pampu za akiba na pikapu moja kuukuu. Mke wangu alibaki Ushirombo na watoto, maana shamba haliwezi kuhamishwa kama fundi. Majirani zangu walikuwa wachimbaji wa dhahabu. Leo mnasalimiana vizuri, mnaombana chumvi. Kesho amesikia kuna mwamba umetoa dhahabu upande mwingine, unakuta mlango wake umefungwa kwa kamba. Nikaacha kuuliza majina yao. Jioni nilisikiliza redio mpaka betri zilipochoka, kisha nikasikiliza watu wakitwanga mawe.

Mtu wangu alikuwa mmoja tu, dereva wa ile pikapu, Msukuma wa Shinyanga aliyekuwa na mapacha. Tulimwita Baba Kulwa. Kila asubuhi aligonga dirisha langu, akanisalimu kwa Kisukuma na kunitania mimi Msumbwa. "Mwangaluka, Baba Festo! Bado umelala? Wasumbwa mnaamkaga saa ngapi?"

"Tunaamka Wasukuma wakimaliza kupiga kelele."

"Basi leo hutaamka."

Ndivyo siku ilivyoanza, mwaka hadi mwaka. Tulikula pamoja, tukabishana juu ya ng'ombe ambao hakuna kati yetu aliyekuwa nao. Sikujua kama ule ni urafiki mkubwa. Niliona ni mazoea tu.

Miaka ya themanini ilipoanza, vitu viliadimika, na oili ya injini ikawa kama dawa. Ndipo ile pikapu ikaanza kuvuja. Baba Kulwa akawa anaongeza oili kila safari, na Msimamizi wa Kituo akawa ananung'unika kila akimwona na galoni. Kisha siku moja taa nyekundu ikawaka na haikuzimika. Baba Kulwa alisimama hapo hapo, akazima injini, tukaivuta pikapu kwa lori mpaka kituoni.

Msimamizi wa Kituo hakutaka maelezo. "Umeua injini ya serikali," alimwambia mbele ya wafanyakazi wote. "Mhandisi wa Mkoa anakuja. Akithibitisha, wewe huna kazi. Na wewe fundi, usiguse kitu mpaka afike. Najua ninyi ni ndugu wa sahani moja."

 Jioni Baba Kulwa alikuja kukaa mlangoni kwangu. "Nkoi," alisema, na kwa Kisukuma hilo ni kusema rafiki, "wanangu wanasoma. Nikifukuzwa sasa, naanzia wapi?"  Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nilikuwa nimekisoma kabla hatujakatazwa, na oili ilikuwa kwenye alama yake. Oili ipo na taa inawaka: hapo huenda pampu imekufa, au beringi zimelika, na hiyo kweli ni injini ya kutupa.

Mhandisi wa Mkoa alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezoea kuvua saa kabla ya kushika gari. Alimsikiliza Msimamizi mpaka mwisho, kisha akanigeukia. "Fundi, wewe unasemaje?"

"Mzee, naona mambo mawili, kuvuja na taa. Sijui kama ni ugonjwa mmoja."

"Basi tuyatenganishe. Anza na taa."

Sasa sikiliza vizuri, hapa pana faida. Ubavuni mwa injini kuna swichi ya oili, na waya mmoja unatoka pale kwenda kwenye taa. Ukiuchomoa ule waya bila kuugusisha popote, na swichi ya gari ukaifungua, taa haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Nilimweka Baba Kulwa kwenye usukani, injini imezimwa. Nikachomoa waya.

"Imezimika?"

"Imekataa! Inawaka!"

Nikaufuata waya kwa vidole mpaka pale unapopenya ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva. Plastiki yake ilikuwa imeliwa, shaba iko nje. Nikauvuta kidogo.

"Imezimika!" Baba Kulwa alipiga honi kwa furaha, Msimamizi akaruka.

"Tusishangilie bado," alisema Mhandisi. "Waya mbovu hauzuii pampu nayo kuwa mbovu." Alikuwa amekuja na geji ya presha. Tukafungua ile swichi, tukafunga geji mahali pake, tukawasha. Mshale ulipanda na kukaa palipotakiwa, haukutikisika. Injini ilikuwa nzima.

Kikabaki kidonda cha kuvuja. Nilisugua injini kama siku yangu ya kwanza. Oili ilianza kutoka juu, kwenye gasketi, ile karatasi inayoziba kifuniko cha injini, na nyuma kwenye sili ya krankishafti, ule mhimili mkuu unaozunguka. Inatokaje sehemu mbili kwa pamoja? Mhandisi akainama, akavuta kitu kutoka kwenye bomba la kupumulia. Kilikuwa kipande cha kanga kuukuu, kimefungwa kwa mpira wa tyubu.

"Nani kafunga hiki?"

"Ni mimi, mzee," alisema Baba Kulwa. "Tunaegesha karibu na mashine ya kusaga mawe. Vumbi lile linakula chuma. Nikaona nikiziba, haliingii."

Injini hupumua, mwanangu. Ukiiziba, mvuke wa ndani unatafuta njia nyingine, unaisukuma oili itokee kwenye gasketi na sili. Madereva wengi wa machimboni walifanya hivyo, wote kwa nia njema.

"Wewe Msukuma," alisema Mhandisi, "ng'ombe wako ungemziba pua asivute vumbi?"

Tulicheka, hata Msimamizi alicheka. Hakuna aliyefukuzwa. Lakini mimi nilikuwa nimeacha kucheka kidogo kabla ya wenzangu, kwa sababu nilijua desturi ya kazi zetu. Gari lisilo na ugonjwa halikuachwa kituo kidogo kama Nyarugusu, lilipelekwa penye kazi kubwa. Nilijua hilo tangu mshale wa geji ulipopanda, na nilikuwa nimeusoma kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Wenzenu wa Ibadakuli, kule Shinyanga, wana kazi na hawana gari," alisema Mhandisi akivaa saa yake. "Badilisheni gasketi na sili, kisha liondoke na dereva wake."

Asubuhi ya kuondoka aligonga dirisha kama kawaida. "Nkoi, ungesema injini imekufa, tungezeeka wote hapa."

"Ningezeeka mimi. Wewe ungekuwa umefukuzwa."

"Kweli," alisema. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akapanda. Taa nyekundu iliwaka, injini ikanguruma, taa ikazimika kama inavyotakiwa.

Nilibaki Nyarugusu miaka mingine kadhaa. Walileta gari bovu jingine, na dereva aliyekuja wikiendi tu. Nilipopima waya nilichomoa, nikazunguka hadi dirishani kutazama taa, nikarudi kwenye boneti, nikagusa, nikazunguka tena. Kazi ilifanyika. Ilichukua asubuhi nzima.

Sasa nimestaafu, niko Ushirombo, na vijana huniletea magari yenye taa ya njano. Mashine zenu zisomeni, ni nzuri, ila nazo zinaonyesha pa kuanzia kutafuta tu. Ikiwaka ile nyekundu ya oili, toka barabarani na uzime injini. Ngoja oili ishuke, chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena uisome. Kama oili ipo, usiwashe. Mwite mtu akae kwenye usukani, chomoa waya wa swichi, na umwombe akwambie kama taa imezimika.