Alama Kwenye Kisanduku cha Pili

"Jirani yetu mhudumu wa wodi alimtazama mzee wa watu akizimika, yeye kakunja mikono," alisema fundi cherehani, mguu bado uko kwenye pedeli. "Lisemwalo lipo, mwenzangu. Kesho kamati ya hospitali inamtimua."

Mama Kichanga, aliyekuwa amefuata gauni lake, alimweka mtoto vizuri mgongoni, akaenda kugonga mlango wa pili.

"Pita, mdogo wangu."

Mhudumu alikuwa amekaa kitandani na sare yake, viatu hajavua. Magotini alikuwa na nakala ya fomu ya wodi. Chini ya namba ya mgonjwa palikuwa na visanduku vitatu, kila kimoja na neno la Kiingereza: inactive, passive, unresponsive.

"Wewe kwako haya yana tofauti?"

"Kwangu yote ni mtu aliyenyamaza, dada."

"Sivyo. La kwanza ni mtu asiyejishughulisha. Kakaa tu, lakini chai ukimpa anakunywa. La pili, ukimwogesha hasaidii wala hakatai. Anakuachia mwili ufanye utakavyo. La tatu ni yule unayemwita, ukamfinya, na wala hana habari. Huyo humwachi hata dakika, unamkimbilia daktari."

"Na wewe uliweka alama wapi?"

"La pili. Nilimgeuza, akageuka." Aligusa kile kisanduku kwa kidole. "Lakini hata gunia la unga ukiligeuza linageuka. Daktari aliisoma fomu yangu, akaanza na wengine. Saa mbili nzima. Sasa mzee anapumua kwa mashine."

Mtoto alijinyoosha mgongoni. Mama Kichanga akambembeleza kwa kuyumba kidogo.

"Kesho utawaambia nini?"

"Kwamba mimi ni wa shule ya msingi tu, Kiingereza kikanipiga chenga. Watanihurumia. Kazi itabaki."

Mama Kichanga aliitazama ile fomu, kisha akamtazama mwenye nayo.

"Dada, umenieleza hapa mpaka mimi nimeelewa." Alishusha sauti. "Ulimwita?"

"Nilimwita."

"Akaitika?"

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilinyamaza. Wote wawili waliisikia ikinyamaza. Mhudumu aliikunja fomu mara mbili, akaikunjua, akaipapasa kwa kiganja kana kwamba ina vumbi.

"Sikungoja," alisema mwishowe. "Vitanda kumi na vinne, na mimi peke yangu. Nilitaja jina lake huku namgeuzia mgongo. Nikiyasema hayo kesho, kazi imeota mbawa. Na wanangu wawili wako shule."

Mama Kichanga alikaa pembeni yake, bega kwa bega, mpaka cherehani ikaanza tena.

"Wanaruhusu mtu mmoja wa kunisindikiza," mhudumu alisema. "Njoo wewe, hata na mtoto. Ukae nyuma yangu. Ukinisikia nimeanza kukisingizia Kiingereza, tafadhali, kohoa."